Umechoka na JavaScript kwenye brauza? Chagua lugha yako hivi

Kabla hujahangaika na majina ya lugha elewa kwanza kwamba brauza zinaelewa lugha ya JavaScript na WebAssembly (kodi ya kiwango cha chini ambayo lugha nyingine zinaweza kugeuzwa kuwa hiyo), basi. Microsoft waliweka lugha yao ya VBScript ndani ya Internet Explorer ikafia humo humo, Google nao walipanga kuingiza lugha yao ya Dart moja kwa moja kwenye Chrome, 2015 wakaachana na huo mpango. Kwa hiyo lugha yoyote nyingine utakayoshika itabidi igeuzwe au ibebwe na mojawapo ya hizo mbili, na swali ni kama faida yake inazidi huo usumbufu.

Sasa jiulize kinachokukera hasa ni nini. Brendan Eich aliitengeneza JavaScript pale Netscape mwaka 1995 kwa siku kama 10 tu, na makosa ya ile haraka tunayo mpaka leo maana ukiyaondoa unavunja tovuti za watu. Chukua fomu yenye boksi la idadi, mtu kaandika 5, wewe kwenye kodi unajumlisha 3. Unapata 53! Kilichotoka kwenye boksi ni maandishi siyo namba, na hakuna erori yoyote inayotokea, kosa linapita kimya mpaka kwenye jumla ya mwisho ndo mteja anaanza kulalamika. Halafu ukitoa 3 badala ya kujumlisha unapata 2 vizuri kabisa.

Kama kero yako ni hii, nenda TypeScript usizunguke, ni JavaScript iliyoongezewa aina za data, kama `number` kwa namba, na hugeuzwa kuwa JavaScript ya kawaida. Andika `let jumla: number = boksi.value + 3` na editor inakupigia mstari mwekundu hapo hapo kabla hujafungua hata brauza. Ila weka `"strict": true` kwenye tsconfig.json (faili la mipangilio ya TypeScript) tangu siku ya kwanza, bila hiyo null, yaani thamani tupu, zitakuponyoka, na usitapakaze `any` (aina inayokubali chochote) kila mahali maana hapo unakuwa umezima ulinzi wenyewe. Jua pia aina zote zinafutwa kodi ikishageuzwa, kwa hiyo data inayotoka kwenye seva bado uikague mwenyewe. Hutaki hatua ya kugeuza kodi? Weka `// @ts-check` juu ya faili la kawaida la JavaScript, editor kama VS Code itakukagulia.

CoffeeScript, lugha nyingine inayogeuzwa kuwa JavaScript, kwa mradi mpya sikushauri, mengi mazuri yake yaliingia kwenye JavaScript yenyewe 2015. Elm, nayo hugeuzwa kuwa JavaScript, ni safi sana na naipenda kwa dhati, erori za kwenye brauza karibu huzioni, ila laibrari ni chache, pima timu yako. Python kupitia PyScript (zana inayoendesha Python ndani ya brauza) inafaa kufundishia na kuchezea data, lakini kwa kawaida mtumiaji anadownload Python nzima, megabaiti kadhaa, kwa fomu ya kawaida hiyo ni kumwonea. Rust kwenda WebAssembly ni ya hesabu nzito kama picha na video, ukitaka kugusa ukurasa wenyewe bado utapitia JavaScript.

Ukibaki na lugha mbili, andika kitu kile kile kidogo kwa zote, ligeuze, angalia faili lililotoka lina ukubwa gani, kisha haribu laini moja makusudi. Fungua konsoli ya brauza, pale erori zinapoonekana: ikikuonyesha laini uliyoandika wewe, endelea nayo, ikikutupa kwenye kodi iliyogeuzwa ambayo haisomeki wakati source map (faili zinazounganisha kodi iliyogeuzwa na ile uliyoandika) zimeshawashwa, iache.