Jinsi ya Kuendesha Mchezo wa Hadithi ya Mvuvi Aliye Peke Yake

Mchezo huu unahitaji watu wanne, dadu mbili, punje 20 za maharage na kamba ya katani iliyofungwa mafundo 12. Mchezaji mmoja tu ndiye mvuvi. Waliobaki hugawana yote yanayomzunguka: wa kwanza ni upepo na maji, wa pili ni samaki, na wa tatu ni kumbukumbu, yaani sauti ya mambo ambayo mvuvi ameyaacha nchi kavu. Tulipoucheza kwa mara ya kwanza hapa Moshi tulimpa kila mtu ngalawa yake, na hadithi ikageuka mazungumzo ya kijiweni, kwa kuwa mvuvi mwenye wa kuzungumza naye hana upweke wa kusimulia.

Sisi tuliokulia chini ya Kilimanjaro hatuna budi kujifunza bahari kabla ya kuiigiza. Mwenye upepo achague majira na asiyabadilishe katikati ya mchezo: kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na kusi, ambayo huichafua bahari zaidi, hushika kuanzia Aprili kwa miezi kadhaa. Ajue pia kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kwamba bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mambo haya machache yanatosha kumwezesha kusema jambo la kweli kila zamu yake inapofika, badala ya kuleta dhoruba kila anapokosa la kusema.

Mwenye upepo hufungua kwa "Paukwa!", mvuvi hujibu "Pakawa!", na kuanzia hapo hakuna anayezungumza nje ya hadithi. Mvuvi aeleze alivyotoka alfajiri, chambo alichotia na umbali aliofika. Samaki anapokula, kamba, ambayo ndiyo mshipi wa kuvulia, hulazwa mezani, mafundo 6 upande wa mvuvi na 6 upande wa samaki. Katika kila zamu samaki hutenda, mvuvi hujibu kwa tendo, kisha hurusha dadu zote mbili. Akipata 8 au zaidi huvuta fundo moja kwake. Akikosa, fundo moja huenda kwa samaki. Kati ya miangusho 36 inayowezekana, 15 tu humpa ushindi, hivyo atalazimika kulipa maharage, ambayo ndiyo nguvu za mwili wake: kila punje anayoitoa kabla ya kurusha huongeza 1 kwenye jumla. Akitaka kula, kunywa au kusinzia hurudishiwa punje 3, lakini mshipi hulegea na fundo 1 humponyoka. Sheria hii ndiyo moyo wa mchezo, na ningemsihi yeyote asiilegeze kwa huruma.

Nafasi ngumu kuliko zote ni ya samaki. Anayeishika aseme tu yale ambayo mkono ungeyahisi kupitia mshipi: uzito, mwelekeo, kina, mtikisiko wa ghafla. Asiseme kamwe samaki anawaza nini, kwa maana mvuvi mwenyewe ndiye anayepaswa kukisia, na katika kukisia huko ndipo anapoanza kumheshimu mnyama anayetaka kumuua. Kumbukumbu naye huuliza swali moja tu kila baada ya zamu tatu, kwa mfano, "Nani alikufundisha kufunga ndoana hiyo?" Mvuvi akijibu kwa ukamilifu hupata punje 1.

Mafundo yote yakienda kwa samaki, mshipi umekatika. Yote yakija kwa mvuvi, samaki yuko ubavuni mwa chombo, lakini bado pana safari ya kurudi, na mwenye upepo ana zamu tatu za mfululizo: tanga linalochanika, maji yanayoingia chomboni, papa walionusa damu. Kila zamu humgharimu mvuvi punje 2 au kipande cha windo lake. Hatimaye mvuvi hufika dikoni, mahali vyombo vinapotia nanga, ambako wachezaji wengine huwa wanakijiji waliokuwa wakimsubiri. Yeye huwaambia sentensi moja tu, ya kweli au ya uongo, na mchezo huishia kwenye sentensi hiyo.