Namna ya Kuandaa Somo la Unyakuo kwa Kikundi cha Nyumbani

Atakayefundisha habari za unyakuo wa kanisa, yaani waumini kuchukuliwa juu kumlaki Bwana Yesu atakaporudi, aanze na 1 Wathesalonike 4:13-18, wala asianze na Ufunuo au habari za vita alizozisikia redioni. Nasema hivyo kwa sababu niliwahi kukosea. Mara ya kwanza nilipopewa somo hili nilichora kwenye karatasi ya manila mstari mrefu wenye dhiki kuu ya miaka 7, yaani kipindi cha mateso makali, na ufalme wa Kristo wa miaka 1,000, nikaibandika ukutani na kuieleza kwa saa nzima. Nilipomaliza, mama mmoja mjane aliyeketi mkekani karibu na mlango aliuliza jambo moja tu: "Mwalimu, na mzee wangu aliyetangulia, siku hiyo hataachwa?" Mchoro wangu haukuwa na jibu lake, ilhali hofu hiyo hiyo ndiyo iliyowasumbua Wathesalonike hata Paulo akawaandikia.

Basi soma mistari hiyo sita kwa sauti, polepole, na uwaombe wasikilizaji wataje mpangilio wake wenyewe: Bwana anashuka, waliokufa katika Kristo wanafufuliwa kwanza, kisha walio hai wananyakuliwa "pamoja nao katika mawingu". Usiyapite haraka maneno "pamoja nao", kwa kuwa hapo ndipo mjane yule anapopata jibu lake.

Kisha tulia kwenye neno "tumlaki". Kumlaki mgeni si kumngojea sebuleni, bali ni kutoka nje, kumkuta njiani, kumpokea mzigo na kuingia naye. Neno la Kigiriki lililotumika hapo ndilo linalotumika katika Mathayo 25:6, wanawali wanapoitwa kumlaki bwana arusi, na katika Matendo 28:15, ndugu wa Rumi walipotoka kumlaki Paulo kabla hajaingia mjini. Kwa sababu hiyo wako wanaoamini kwamba waumini watamlaki Bwana na kushuka naye papo hapo, na wako wanaotegemea Yohana 14:3 na kusema kwamba watakwenda naye kwanza mbinguni.

Tofauti hizo zieleze kwa uaminifu. Fundisho la unyakuo unaotangulia dhiki kuu lilienezwa katika karne ya 19 na mhubiri John Nelson Darby, likasambaa zaidi kupitia Biblia yenye maelezo ya Scofield iliyotoka mwaka 1909, na Wapentekoste wengi wa kwetu wanalishika. Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana kwa kawaida hufundisha kwamba Kristo atarudi mara moja tu. Sema wazi unasimama wapi, lakini usimhesabu anayesimama kwingine kuwa hajaokoka.

Kuhusu tarehe, usilegeze hata kidogo. Mathayo 24:36 imelifunga jambo hilo kwa kusema kwamba siku ile hakuna aijuaye ila Baba, na bado wafuasi wa mhubiri Mmarekani William Miller walimngoja Bwana tarehe 22 Oktoba 1844, na Harold Camping, mhubiri wa redio wa Marekani, akatangaza unyakuo wa tarehe 21 Mei 2011. Sisi wa Afrika Mashariki tunayo Shakahola, katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ambako mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, watoto wakiwamo, katika msitu ambako waumini walishawishiwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Kikundi kinapaswa kulisikia jambo hili kutoka kwa mwalimu wake, bila kumung'unya maneno. Mtu akianza kuwaambia wenzake waache kazi au wawatoe watoto shuleni kwa kuwa siku imekaribia, mfungulie 1 Wathesalonike 4:11, ambapo Paulo anawataka waumini watulie na wafanye kazi kwa mikono yao wenyewe.

Mwishoni, acha dakika kumi ambazo hutasema neno. Kila mmoja amtaje kwa jina mpendwa wake aliyelala katika Bwana, kisha mmoja wa wafiwa, wala si wewe, asome tena mstari wa 16 hadi wa 18.