Mkuu wa polisi wa Chicago: sema kabla majina matatu hayajamfikia meya

Sisi tuliokulia Kongo, Burundi au Tanzania tumezoea kumsikia mkuu wa polisi redioni, ameshateuliwa. Hapa Chicago raia ana pa kupenyezea neno lake, ila nafasi yenyewe hufungwa mapema. Mimi ni mkalimani, nakaa ubavuni mwa watu kwenye mikutano hii, na wengi nawaona wakija na maneno mazito wakati orodha imeshafungwa.

Hatua ya 1: Jua nani anachuja

Kwa sheria ya jiji ya 2021, mchujo uko mikononi mwa tume ya wananchi yenye watu 7. Kiti cha mkuu wa polisi kikibaki wazi, tume hutangaza nafasi, huhoji waombaji, kisha humpelekea meya majina 3. Meya ana siku 30 za kuchagua mmoja au kuyakataa yote, na akikataa tume inarudi kutafuta wengine. Madiwani ndio huthibitisha.

Mwaka 2023 mkuu wa polisi David Brown aliondoka Machi. Tume ilipewa siku 120, na Julai ikapeleka majina ya Larry Snelling, Angel Novalez na Shon Barnes. Agosti meya Brandon Johnson akamchagua Snelling, Septemba madiwani wakampitisha kwa kura 48 kwa 0. Kwa hiyo muda wako wa kusema ni ile miezi minne tu.

Na usilewe matumaini. Mwaka 2016, chini ya utaratibu wa zamani, meya Rahm Emanuel aliyaweka kando majina matatu aliyoletewa akamteua Eddie Johnson, ambaye hata maombi hakupeleka. Madiwani wakarekebisha sheria ili apite.

Hatua ya 2: Nenda kwenye baraza la wilaya yako

Wilaya za polisi ni 22, kila moja ina baraza la watu 3 waliochaguliwa kwa kura, mara ya kwanza Februari 2023. Ukikaa mtaa wa Rogers Park, yako ni ya 24. Wanakutana kila mwezi. Nenda hata kama kiti hakiko wazi, wakuzoee sura. Kupiga kura kunataka uraia. Kusimama na kusema hakutaki.

Hatua ya 3: Geuza lalamiko liwe swali

Hapa ndipo kwenye kazi. Mama mmoja alikuja kwangu na sentensi moja: "Polisi wanatudharau." Ni kweli yake, lakini tume itaifanyia nini? Nikamuuliza: wanakudharau vipi, wapi, saa ngapi? Tukachimba mpaka tukafika kwenye mlango wa nyumba yake, usiku, afisa anamhoji mama kupitia mtoto wa miaka kumi. Tukaandika hivi:

"Anayetaka kazi hii atahakikishaje kwamba afisa anampigia simu mkalimani, asimtumie mtoto wangu?"

Swali la namna hii mjumbe wa tume anaweza kulibeba kama lilivyo hadi chumba cha usaili, na mwombaji akikwepa ataonekana. Chukua swali moja tu. Ukileta matano hakuna litakalokumbukwa.

Hatua ya 4: Panga dakika zako

Mara nyingi utapewa dakika mbili. Jiandikishe mapema, na mkalimani umwombe siku kadhaa kabla, si mlangoni. Ukisema kwa Kiswahili, dakika mbili zinageuka moja, kwa hiyo mwombe mwenyekiti kabla ya kikao muda wa tafsiri uhesabiwe kando.

Salamu fupisha. Najua kwetu huwezi kumvamia mtu bila kumjulia hali, lakini nimemshuhudia mzee wangu mmoja akimaliza kushukuru meza kuu na kengele ikalia hapo hapo. Soma karatasi yako nyumbani ukiwa na saa ya simu mbele yako. Siku ya kikao waachie nakala, maana maoni ya maandishi nayo hupokelewa.

Hatua ya 5: Jina likishatoka

Sasa mhusika ni diwani wako, kwa sababu kura ya kuthibitisha ni yake. Mpelekee karatasi ile ile, swali lile lile. Juu kabisa andika mtaa unaokaa, ili ofisi yake ijue barua imetoka kwa mkazi wake.