Karatasi ikikwama kwenye fotokopi, tulia kwanza

Nina steshenari ndogo Mbagala: fotokopi moja, kompyuta mbili, printa. Kovu la kidole changu cha shahada nililipatia humo humo. Karatasi ilikwama, mteja anapiga kelele "fanya fasta bosi", nikafungua ubavu wa mashine na kutumbukiza mkono. Nikagusa roli inayoyeyusha wino wa unga ili ushike kwenye karatasi. Pale joto hukaribia nyuzi 200. Ngozi ilibaki kwenye roli.

Siku hizi nazima mashine, nachomoa plagi ukutani, nafungua kifuniko na kuiacha ipoe nusu saa. Mwenye haraka namwelekeza kwa jirani, sina kinyongo. Kisha naivuta karatasi kwa mikono miwili, polepole, kufuata upande ilikokuwa ikielekea. Ikichanika, natafuta mpaka kipande cha mwisho. Mtandio, tai na cheni ya shingoni vikae mbali na roli.

Unga wa wino ukimwagika, usiupulize wala usiufagie, utauvuta puani. Futa kwa kitambaa kilicholoa maji baridi. Ya moto huugandisha kwenye nguo.

Fotokopi iwe na soketi yake ukutani, isichangie ekstensheni na birika. Ekstensheni yangu ya kwanza iliyeyuka plagi, nikadhani jirani anachoma plastiki. Umeme ukikatika, chomoa vyote. Ukirudi, subiri dakika 5 utulie, ndipo uchomeke kimoja kimoja.