Jinsi ya Kuomba Kibali cha Kutumia na Kushirikisha Taarifa za Wagonjwa Dar es Salaam

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwanafunzi wa uzamili, mtafiti au mfanyakazi wa shirika la afya anayetaka kuchukua taarifa za wagonjwa kutoka hospitali, kituo cha afya au zahanati ya jiji hili, azitumie mwenyewe au awashirikishe wenzake. Nimefanya kazi ya takwimu za afya kwa miaka mingi, na nimeona waombaji wengi wakihangaikia mihuri kuliko wanavyohangaikia orodha ya taarifa wanazoziomba, ilhali usiri wa mgonjwa hulindwa au hupotea katika orodha hiyo, kabla barua yoyote haijafika mezani kwa Mganga Mkuu.

Kwanza fahamu unaomba nini kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa binafsi nyeti, na msimamizi wake ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi Aprili 2024. Hospitali ndiyo mkusanyaji wa taarifa hizo, lakini tangu siku unapokabidhiwa faili wajibu wa kulilinda unakuwa wako pia. Ukiomba taarifa za waishio na VVU, usome vilevile sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti VVU na UKIMWI, inayotaka matokeo ya vipimo yawe siri.

Hatua ya kwanza: andaa jedwali la taarifa unazoomba

Andika swali lako la utafiti juu ya karatasi, kisha uorodheshe chini yake kila safu ya taarifa unayofikiri utaihitaji, na mbele ya kila safu uandike sentensi moja inayoeleza itajibu sehemu gani ya swali. Safu iliyokosa sentensi yake iondoke. Jina, namba ya simu, namba ya faili, namba ya kadi ya bima na namba ya kitambulisho cha taifa huondoka mara moja karibu katika kila utafiti wa majalada. Usiiache namba ya NIDA kwa kudhani ni tarakimu tu: ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa ya mwenyewe.

Watu wengi huishia hapo wakiamini wameshamficha mgonjwa, kumbe bado. Mwaka 1997 nchini Marekani, Latanya Sweeney, aliyekuwa bado mwanafunzi, alichukua taarifa za hospitali za watumishi wa jimbo la Massachusetts ambazo hazikuwa na majina, akazilinganisha na daftari la wapiga kura wa mji wa Cambridge alilolinunua kwa dola 20, na kwa kutumia tarehe ya kuzaliwa, jinsia na msimbo wa posta peke yake akazipata taarifa za matibabu za gavana wa jimbo hilo, William Weld.

Hapa kwetu ukubwa wa jiji humdanganya mtafiti. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na mtu huona ni vigumu mgonjwa mmoja kupatikana katika umati huo. Lakini msomaji wa faili anayeweza kumdhuru mgonjwa hatafuti mtu mmoja kati ya milioni tano. Anamtafuta jirani, shemeji au mfanyakazi mwenzake ambaye umri wake, mtaa wake na wiki aliyolazwa anavijua tayari. Kwa hiyo omba umri kwa makundi ya miaka mitano badala ya tarehe ya kuzaliwa. Omba wilaya, au kata pale tu hoja yako inapoihitaji, wala usiombe mtaa. Badala ya tarehe za mahudhurio, omba idadi ya siku kati ya hudhurio moja na jingine, kwani kwa maswali mengi ya tiba hicho ndicho kinachotakiwa.

Kama ni lazima kumfuatilia mgonjwa yuleyule kwa miezi kadhaa, omba kituo kimpe namba ya utafiti isiyotokana na taarifa yake yoyote, na daftari linalounganisha namba hiyo na jina libaki masjala. Baadhi ya wataalamu wa kompyuta hupendekeza namba ya simu igeuzwe kwa hesabu maalumu kuwa mfuatano wa herufi usiosomeka. Namba zetu za simu za mkononi huanza na 06 au 07 na kufuatiwa na tarakimu 8, kwa hiyo haziwezi kuzidi milioni 200, na kompyuta ya kawaida inaweza kuzijaribu zote hadi ikaifikia ya mgonjwa, endapo hesabu hiyo haikuwekewa ufunguo wa siri.

Safu ya maoni nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu ndiyo iliyonifunza kazi hii. Miaka kadhaa iliyopita nilipokea faili kutoka kliniki moja ya hapa jijini, likiwa limefutwa majina na simu, na likiambatana na barua iliyosema kwamba limesafishwa. Katikati ya faili, muuguzi alikuwa ameandika kwa nia njema ya kumsaidia mhudumu wa jamii anayewafuatilia wanaokosa dawa: “Mke wa fundi cherehani nyuma ya msikiti, nyumba ya pili kutoka kwa mjumbe, asipigiwe simu, mume hajui.” Ndani ya kliniki maneno hayo yalikuwa yakimlinda yule mama. Katika kompyuta yangu, mimi nisiyemjua wala kumhudumia, nilikuwa nimeshajua jambo ambalo mumewe hakulijua, na yeyote ambaye ningemtumia faili lile angelijua pia. Nililifuta siku hiyohiyo, nikamwomba mtunza takwimu wa kliniki atume upya bila safu ile. Tangu hapo siombi maelezo ya kuandikwa kwa mkono. Iwapo swali la utafiti linayahitaji, mtumishi wa kituo huyasoma palepale kituoni na kuyageuza kuwa namba, kwa mfano 1 kwa aliyehama na 2 kwa aliyefariki, na namba hizo ndizo zinazotoka nje.

Hatua ya pili: peleka andiko kwa kamati ya maadili

Mwanafunzi au mtumishi wa chuo chenye kamati yake, kama Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, huanzia kwenye kamati hiyo. Kibali cha kitaifa hutolewa na Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya, iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa, yaani NIMR. Mtafiti kutoka nje ya nchi anahitaji pia kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoko Kijitonyama.

Pamoja na andiko la utafiti na wasifu wa watafiti, ambatisha lile jedwali lenye sentensi zake, hati ya kutunza siri iliyosainiwa na kila atakayeliona faili akiwemo karani wa kuingiza takwimu, na mpango wa kutunza taarifa unaotaja kompyuta itakayotumika, watu watakaokuwa na nywila yake na siku faili litakapofutwa. Ikiwa utatumia majalada ya zamani ambayo wenyewe hawawezi kupatikana kwa urahisi ili watoe ridhaa, usikae kimya ukitumaini kamati haitauliza; omba waziwazi usamehewe ridhaa, ukieleza kwa nini utafiti hauwezekani bila msamaha huo, una manufaa gani kwa jamii, na kwa nini hatari kwa mgonjwa ni ndogo sana. Kibali cha NIMR huwa cha mwaka mmoja, na kazi ikiendelea huombewa upya kabla hakijaisha.

Hatua ya tatu: barua za mkoa, manispaa na kituo

Kibali cha maadili hakifungui mlango wa masjala. Peleka nakala yake pamoja na barua ya utambulisho kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ambaye humwandikia Mganga Mkuu wa Mkoa. Kwa vituo vya halmashauri utaendelea kwa Mkurugenzi na Mganga Mkuu wa manispaa au jiji husika, na mwisho kwa Mganga Mfawidhi wa kituo. Weka nakala ya kila barua yenye muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya nne: kupokea faili

Taarifa zitolewe na mtunza takwimu wa kituo, usiingie mwenyewe katika mfumo kwa nywila ya kuazimwa. Kabla hajakukabidhi, fungueni faili pamoja na kuangalia kama kuna safu zilizofichwa tu bila kufutwa, na kurasa nyingine ndani ya faili lilelile, kwa sababu humo ndimo majina husahaulika. Kama ni picha za eksirei, angalieni pembeni mwa kila picha, na pia taarifa zinazobebwa ndani ya faili la picha zisizoonekana kwa macho. Faili lifungwe kwa nywila, na nywila isitumwe kwa njia ileile iliyotumiwa kutuma faili. Kupiga picha rejista kwa simu na kuituma kwenye kundi la WhatsApp, hata kama kundi zima ni la madaktari, ni kutoa siri ya mgonjwa.

Hatua ya tano: kuwashirikisha wengine

Mwenzako akilitaka faili, asome kwanza kibali chako. Kama jina lake au taasisi yake haimo, urudi kwenye kamati kuomba marekebisho. Taarifa zikivuka mpaka, NIMR hutaka mkataba wa kuhamisha taarifa unaosema zitatumika kwa nini, na nani, kwa muda gani, na kwamba hazitapelekwa kwa mtu wa tatu. Kwa taarifa binafsi, kanuni za mwaka 2023 zinataka pia kibali cha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Katika ripoti, kisanduku chochote cha jedwali chenye wagonjwa wasiofika 5 kiunganishwe na kingine au kifichwe, na jumla za pembeni zikaguliwe ili hesabu iliyofichwa isipatikane kwa kutoa.

Siku iliyotajwa katika mpango wako ikifika, futa faili kwenye kompyuta, kwenye flashi na kwenye barua pepe uliyolipokelea, kisha umwandikie Mganga Mfawidhi barua yenye tarehe na saini inayothibitisha hivyo, uombe nakala yake igongwe muhuri.