Ukifika Weltenburg, usikimbilie altareni

Wageni wangu wakija Regensburg, kusini mwa Ujerumani, kutoka nyumbani, nawapeleka monasteri ya Weltenburg kwa sharti moja: tunakwenda kwa maji. Panda treni hadi Saal an der Donau, basi hadi Kelheim, kisha boti inayopanda mto Danube katikati ya magenge ya mawe. Barabara ipo, lakini kwenye boti ndipo utaona jinsi wamonaki wa Kibenedikti walivyojibana kwenye kona ya mto ambao umewafurikia mara nyingi, mwaka 2005 ukiwemo. Majira ya baridi boti hazitembei, basi njoo kati ya Aprili na Oktoba.

Uani utakuta meza na watu wa bia. Hapa bia inapikwa tangu 1050, na wapo wanaoishia hapohapo. Waache. Kanisa lenyewe kwa nje halina makuu.

Ukifungua mlango unaingia kwanza kwenye ukumbi mdogo wenye giza. Usiupite mbio. Giza hilo limewekwa makusudi. Simama mpaka macho yalizoee, ndipo uingie ndani penyewe, penye umbo la yai. Jiweke katikati kabisa, uitazame altare kuu. Mtakatifu George anakujia moja kwa moja juu ya farasi, joka upande mmoja, binti mfalme upande wa pili, na nyuma yao mwanga mwingi. Sasa tafuta mwanga huo unatoka wapi. Dirisha hulioni. Lipo, ila limefichwa nyuma ya altare, na ndiyo maana jua likijificha George hupungua makali, likitoka tena anawaka. Mimi husubiri wingu lipite, hata kama wageni wananung'unika.

Ufundi huu ni wa ndugu wawili: Cosmas Damian Asam, mchoraji aliyesanifu kanisa hili, na mdogo wake Egid Quirin, mchongaji. Kazi ilianza 1716, chini ya Abate Maurus Bächl. Walikuwa wameonja Roma, ambako Bernini, mchongaji na msanifu wa Kiitaliano, alikuwa ameshatumia madirisha ya kujificha namna hii.

Inua kichwa. Utaapa kwamba juu kuna kuba refu lililojaa watakatifu. Hakuna. Kuba limekatwa, na juu ya uwazi wake kuna dari bapa iliyochorwa, nayo inaangazwa na madirisha ambayo ukingo wa kuba unayaficha. Tembea kidogo kando uone nguzo zilizochorwa zinavyoanza kuinama. Ukirudi katikati zinasimama wima. Chukua darubini ndogo kama unayo, maana kwenye ukingo huo kuna mtu ameegemea anawachungulia walio chini. Ndiye Cosmas Damian, sanamu yake. Ukimpata bila kuelekezwa, hongera.

Rudisha macho altareni, umtazame Mtakatifu Maurus pembeni mwa George. Amepewa sura ya Abate Maurus. Shangazi yangu, aliyekulia karibu na Peramiho na kuwajua wamonaki tangu utotoni, alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kitenge: "Kumbe baba abate alijiwekea kiti mapema!"

Kuhusu marumaru, usiamini kila unachoona katika makanisa ya Baroko, yaani mtindo wa mapambo mengi wa enzi hizo kama kanisa hili. Mengine ni mawe halisi, mengine ni jasi iliyochanganywa na gundi na rangi, ikakandwa kama unga wa chapati, kisha ikasuguliwa mpaka ikang'aa. Jiwe la kweli ni baridi zaidi mkononi, lakini hiyo si ruhusa ya kupapasa nguzo za watu. Tumia macho: mishipa ya rangi ikiwa mizuri kupita kiasi, shuku.

Misa ikiwa inaendelea, kaa benchi la nyuma na usizunguke. Zima mwanga wa kamera; si adabu tu, pia unaua ule mwanga uliokuja kuutazama. Jipe saa nzima ndani, na kabla hujaagiza chakula uani soma ubao wa boti. Safari ya kushuka ni fupi kuliko ya kupanda, lakini boti ya mwisho ikiondoka, itabidi uanze kuulizia basi.