Unajenga England? Maji ya zimamoto yaangalie mapema

Wadau mnaojenga godauni au jengo la biashara England, hili la maji ya kuzimia moto msiliache mpaka mwisho maana likishawabana ni kuchimbua sakafu upya.

Sheria yenyewe ni ya huduma za zimamoto na uokoaji ya mwaka 2004. Kifungu cha 38 kinawapa zimamoto jukumu la kuhakikisha maji yapo, na kampuni ya maji hairuhusiwi kudai hela ya maji yaliyotumika kuzima moto, kwaiyo msiogope kupiga simu eti bili itakuja.

Anza kwa kutoka nje. Tafuta kibao cha njano chenye herufi H, kiko ukutani au kwenye kiguzo kifupi pembeni ya barabara. Namba ya juu ni kipenyo cha bomba kwa milimita, ya chini ni umbali wa kutoka kwenye kibao mpaka haidranti (tundu la kuchotea maji ya zimamoto kwenye bomba la mtaani), kwa mita. Ukiona 100 juu na 3 chini, tembea kama hatua tatu hivi angalia chini utakuta mfuniko wa chuma. Hapo usirundike mchanga wala matofali hata kwa siku moja tu, kuziba haidranti ni kosa la jinai kifungu cha 42, na kuchota maji humo ya kukorogea zege bila kibali cha kampuni ya maji nako ni kosa hilohilo.

Alafu chukua futi upime. Mwongozo wa kanuni za ujenzi unasema kama jengo lina chumba kilichotengwa kwa kuta za kuzuia moto chenye mita za mraba 280 au zaidi, na haidranti iliyopo iko mbali kupita mita 100, inabidi uweke za kwako, isizidi mita 90 toka mlango wa kuingilia jengo wala mita 90 kati ya moja na nyingine. Bomba la mtaani halipo au presha ni ndogo? Tangi la lita 45,000 lililojaa muda wote linakubalika, ila gari la zimamoto lazima liweze kulifikia, wengi hapa ndo wanapokosea wanaliweka nyuma kabisa.

Kazi ya kuingiza maji eneo hilo inataka notisi ya maandishi kwa zimamoto wiki 6 kabla, na kazi inayogusa haidranti siku 7 kabla. Kopi ya barua ibaki kwako.